Mwalimu mmoja, watoto 280: nani anamjua mtoto wako shuleni?

Muhula wa kwanza wa mwaka 2026 ulipokuwa ukielekea ukingoni, kaka yangu alinipigia simu kutoka Mombasa anakofanya kazi. Aliniomba nimwakilishe katika siku ya wazazi shuleni kwa binti yake, ambaye yuko Kidato cha Tatu katika shule moja ya upili ya umma. Nami sikuwa na sababu ya kukataa. Siku ilipowadia nilijihimu mapema, nikavaa vizuri, nikaenda.

Foleni ya kumwona mwalimu wa darasa ilianzia mlangoni ikapinda hadi kwenye bomba la maji. Tulikuwa wazazi na walezi wa wanafunzi 58, na kila mmoja wetu alitengewa dakika mbili hivi. Zamu yangu ilipofika, mwalimu yule, kijana mpole aliyeonekana kuwa na uchovu wa siku nyingi, aliniamkia kwa heshima, akafungua faili na kuanza kunieleza jinsi binti yetu anavyopiga domo darasani.

Nikamtazama msichana aliyesimama kando yangu. Huyu ni mtoto ambaye nyumbani tunamwita Bi Kimya kwa utani, kwa jinsi anavyoweza kumaliza mlo mzima bila kutamka neno.

"Mwalimu," nikamwambia taratibu, "nadhani huyo si wetu."

Akalitazama jina tena. Kumbe alikuwa amefungua faili ya msichana mwingine ambaye jina lake la pili linafanana na la huyu wetu. Aliona haya, akaomba radhi.

"Nisamehe, mama. Nafunza madarasa matano."

Nilitoka pale nikiwa na hasira. Mwalimu wa darasa asimjue mwanafunzi wake? Karo tunayolipa ni ya nini basi? Lakini mchana, wazazi walipokusanyika chini ya miti kumsikiliza mwalimu mkuu, nilitoa kalamu na karatasi na kuanza kuandika takwimu alizokuwa akizitaja. Kufikia wakati wa kufunga mkutano kwa maombi, hasira yangu ilikuwa imekwisha. Badala yake nilikuwa na hofu.

HESABU INAYODANGANYA

Mwalimu mkuu alisema shule ina wanafunzi 670 katika madarasa 12, na walimu 22. Ukigawa 670 kwa 22 utapata kwamba kila mwalimu ana wanafunzi 30 hivi. Mzazi aliyeketi karibu nami alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kwani thelathini ni wengi? Kiwango ambacho serikali huzungumzia kwa darasa moja la shule ya upili ni wanafunzi 45.

Hapo ndipo hesabu inapotudanganya, msomaji. Mwalimu wa shule ya upili si kama yule wa chekechea anayekaa na watoto wale wale kutoka asubuhi hadi jioni. Yeye hufunza somo lake, kisha hubeba vitabu na kuingia darasa jingine. Mwalimu huyu wa binti yetu ni wa Kiswahili. Madarasa matano yenye wanafunzi 56 kila moja ni watoto 280. Hao ndio anaowafunza kila juma, na hao ndio anaotarajiwa kuwajua kwa majina, kwa mwandiko na kwa tabia.

Tuendelee. Tuseme awape hao 280 insha moja, na kila insha imchukue dakika tano kuisoma na kuisahihisha. Hizo ni dakika 1,400, yaani saa 23 na dakika 20. Kwa insha moja tu! Tena shule ina kazi nyingine: mitihani, michezo, zamu ya kulinda wanafunzi usiku, mikutano. Sasa nikaelewa yale macho yaliyochoka.

Jambo la pili ambalo hesabu hiyo inaficha ni aina ya walimu wenyewe. Kati ya wale 22, ni 14 tu walioajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC. Wanane waliobaki wameajiriwa na bodi ya shule, na mishahara yao inatoka mifukoni mwa wazazi na kwa visenti ambavyo shule inaweza kubana huku na kule. Pesa za serikali zikichelewa, mishahara hiyo nayo huchelewa. Mwalimu wa bodi akipata kazi yenye mshahara wa uhakika, huondoka hata kama ni katikati ya muhula, na nani atamlaumu? Lakini kila anapoondoka mmoja, kuna mtoto anayempoteza mtu mzima ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kumzoea.

TULIFIKAJE HAPA?

Wasomaji wenye umri wa makamo watakumbuka kwamba kulikuwa na wakati ambapo mtu akihitimu chuo cha ualimu, kazi ilikuwa ikimngoja. Mambo yalibadilika mwishoni mwa miaka ya tisini. Oktoba 1997, walimu chini ya chama chao cha KNUT, kilichoongozwa na marehemu Ambrose Adeya Adongo, waligoma na serikali ikakubali kuwapa nyongeza ya mishahara ya kati ya asilimia 150 na 200, ilipwe kwa awamu tano. Baada ya awamu ya kwanza serikali ilisema haina pesa. Mgomo mwingine ulifanyika mwaka 1998, nao haukufua dafu. Mwaka huo huo uajiri wa walimu ukasimamishwa.

Ulipofunguliwa tena mwaka 2001 haukuwa ule wa zamani. Kwa muda mrefu walimu walioajiriwa walikuwa hasa wa kujaza nafasi za wale waliostaafu, waliofariki au walioacha kazi. Na wakati mlango wa walimu umeachwa wazi kidogo tu, ule wa wanafunzi ulifunguliwa pande zote mbili. Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo. Mwaka 2008 serikali ilianza kulipia masomo ya shule za upili za kutwa, shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na kufikia 2018 kiwango hicho kilikuwa kimepanda hadi shilingi 22,244. Mwaka huo wa 2018 pia ndipo ilipoamriwa kwamba kila mtoto anayemaliza shule ya msingi ajiunge na ya upili, awe amepata alama ngapi.

Mimi sipingi hata moja kati ya hatua hizo. Kuna watoto wengi wa maskini ambao wasingeliona lango la shule ya upili bila hizo. Lakini mwenye kualika wageni hukagua kwanza idadi ya viti. Mwaka 2022 TSC yenyewe ilikuwa ikisema kwamba shule za umma nchini, za msingi na za upili, zilipungukiwa na walimu zaidi ya 100,000. Tangu wakati huo wengine wameajiriwa, wakiwemo 46,000 waliokuwa wanagenzi na kupewa kazi ya kudumu Januari 2025, ila hao walielekezwa hasa kwa shule za sekondari msingi, ambazo nazo zilikuwa changa na zenye njaa ya walimu.

MSHAURI MWENYE VIPINDI 25

Mtoto anayelemewa na jambo humwendea nani basi? Tutaambiwa kwamba kila shule ina mwalimu wa ushauri nasaha. Ni kweli, anaye. Hata katika shule hii jina lake limebandikwa ubaoni.

Ushauri huu si jambo geni. Machi 2001 wavulana 67 waliteketea bwenini katika Shule ya Upili ya Kyanguli, wilayani Machakos, katika moto uliowashwa na wanafunzi. Nchi iliomboleza. Jopo lililoongozwa na Bi Naomi Wangai, aliyekuwa Mkurugenzi wa Elimu, lilichunguza chanzo cha ghasia shuleni, na miongoni mwa mapendekezo yake ni kwamba huduma za ushauri ziimarishwe. Mwezi huo huo wa Machi 2001 serikali ilipiga marufuku kiboko, na mwaka 2013 Sheria ya Elimu ya Msingi ikatilia mkazo marufuku hiyo.

Kiboko kiliondolewa, na kwa maoni yangu kilistahili kuondolewa. Lakini kile kilichopaswa kushika nafasi yake, yaani mazungumzo, kinahitaji muda. Mwalimu alinyang'anywa fimbo na hakupewa muda.

Mwalimu wa ushauri katika shule nyingi za umma ni mwalimu wa somo kama wenzake. Hebu tupige hesabu yake pia. Wiki ya shule ina vipindi 40 hivi. Tuseme yeye anafunza vipindi 25. Vilivyobaki ni 15, na humo ndimo anapotayarisha masomo na kusahihisha. Tuwe wakarimu na kusema anaweza kutenga vipindi vitano kwa wiki vya kuketi na mwanafunzi mmoja mmoja. Kwa wanafunzi 670, atahitaji wiki 134 kuwaona wote mara moja tu. Mwaka wa shule hauna zaidi ya wiki 39 hivi. Maana yake ni kwamba zoezi hilo litachukua zaidi ya miaka mitatu, na wale walio mwisho wa foleni watakuwa wamekwisha kumaliza shule kabla ya zamu yao kufika.

Huko Marekani, chama cha washauri wa shule kinapendekeza kwamba mshauri mmoja asiwe na wanafunzi zaidi ya 250, na huyo ni mshauri ambaye kazi yake ndiyo hiyo, hafunzi Jiografia. Hata wao hawajafika: katika mwaka wa masomo wa 2022 hadi 2023, wastani wao ulikuwa wanafunzi 385 kwa mshauri mmoja. Simaanishi kwamba tujipime kwa ratili ya Wamarekani. Nasema tu kwamba hata wenye nacho wanakiri kuwa mtu mmoja hawezi kusikiliza mamia.

Mzigo wenyewe unaongezeka. Januari 2026 kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia katika shule zetu za upili. Watoto hawa hufuata mojawapo ya mikondo mitatu: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ule wa sayansi za jamii, au ule wa sanaa na michezo. Ni uamuzi wa maisha, na mtoto wa miaka 15 hawezi kuachwa aufanye kwa kufuata marafiki. Anahitaji mtu wa kuketi naye, amwulize anapenda nini na anaweza nini. Mtu huyo ni nani, na ana kipindi gani?

RAFIKI YANGU WA DAWATI MOJA

Nina sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Nilianza Kidato cha Kwanza mwaka 2005, katika shule ambayo sitaitaja. Dawati langu nililitumia pamoja na msichana mmoja aliyenishinda katika kila somo isipokuwa Kiswahili. Tulipokuwa Kidato cha Tatu alianza kuchelewa. Leo dakika kumi, kesho nusu saa. Kila alipochelewa aliadhibiwa: akafyeka nyasi, akapiga magoti, akaokota taka. Alama zake zikaanza kushuka, naye akawa mtu wa kulala darasani.

Mimi nilijua sababu. Mama yake alikuwa mgonjwa kitandani, na ni yeye aliyemwogesha, akampikia na kuwatayarisha wadogo zake wawili kabla ya kushika njia. Alinieleza kwa siri, nami kwa utoto wangu niliitunza siri hiyo kana kwamba ni almasi. Baada ya likizo ya Aprili hakurudi. Jina lake liliendelea kuitwa kwenye rejista kwa majuma matatu, kisha likapigwa mstari.

Miaka mingi baadaye nilikutana sokoni na mwalimu wetu wa ushauri, ambaye alikuwa amestaafu. Ofisi yake enzi hizo ilikuwa chumba kile kile kilichohifadhi ramani na mipira. Nilipomtajia jina la rafiki yangu, alifikiri kwa muda mrefu. Hakumkumbuka. Nilipomweleza kisa chake aliweka kikapu chini, akasema, "Mwanangu, laiti mtu angeniambia." Kisha akaongeza kwamba mwaka ule alikuwa akifunza Kiswahili na Dini katika madarasa sita.

Na rafiki yangu mwenyewe? Yu hai, ana familia na kibanda cha nguo. Nilipomwuliza kama alikuwa na kinyongo na shule, alisema hana. "Hakuna aliyenifukuza," akaniambia. "Ila hakuna aliyeniuliza."

MZAZI AFANYE NINI?

Suluhisho kubwa liko mikononi mwa serikali na Bunge linalopitisha bajeti: walimu waajiriwe kulingana na idadi ya watoto, na mwalimu wa ushauri apunguziwe vipindi ili kazi hiyo iwe kazi kweli. Tuendelee kudai hilo bila kuchoka. Lakini mtoto aliye Kidato cha Tatu leo hawezi kungoja bajeti tatu. Yapo mambo ambayo mzazi anaweza kuyaanza kesho.

Kwanza, katika mkutano wa wazazi usiulize alama pekee. Uliza walimu wa TSC ni wangapi na wa bodi ni wangapi. Uliza ni somo gani halina mwalimu, na tangu lini. Uliza mwalimu wa ushauri ana vipindi vingapi kwa wiki, na kama ana chumba chenye mlango unaofungika. Mtoto hawezi kusema yaliyomo moyoni huku wenzake wakiingia na kutoka kuchukua mipira.

Pili, uliza kama shule ina mpango wa familia. Zipo shule nchini zinazowagawa wanafunzi katika vikundi vidogo vinavyochanganya madarasa yote, kila kikundi kikiwa na mwalimu anayekuwa kama mzazi wao. Hukutana mara kwa mara, hata kama ni nusu saa, wakazungumza mambo yasiyo ya mtihani. Katika shule ya wanafunzi 670 na walimu 22, kila familia itakuwa na watoto 30 hivi. Naam, ni ile ile hesabu ya mwalimu mkuu! Pale ilitudanganya, lakini hapa inaweza kuwa kweli. Na wakiongezwa karani, muuguzi, matroni na mtunza maktaba, familia zitakuwa ndogo zaidi. Mpango huu hauondoi upungufu wa walimu, lakini unahakikisha kwamba kila mtoto ana mtu mzima mmoja wa kumwuliza kwa nini amechelewa kabla ya kumpa panga la kufyekea nyasi.

Tatu, na hili ni letu sisi wa nyumbani: tuwaambie walimu yale wanayopaswa kujua. Kukiwa na msiba, ugonjwa, ugomvi wa wazazi au kazi iliyopotea, shule isiyajue haya kwa uvumi au isiyajue kabisa. Mwalimu mwenye watoto 280 hawezi kubahatisha. Ukificha aibu ya nyumba, mtoto ndiye atakayeibeba hadi darasani.

Nilijifunza hilo siku hiyo hiyo. Kabla ya kuondoka shuleni nilirudi kwa yule mwalimu wa Kiswahili. Foleni ilikuwa imekwisha, naye alikuwa akikusanya faili zake. Sikutaka kumchosha zaidi, kwa hivyo nilimwachia kikaratasi. Niliandika jina la binti yetu, jina kamili, na chini yake mistari miwili: kwamba nyanya yake aliyemlea tangu utotoni alifariki mwezi Januari, na kwamba yeye akiwa na huzuni huwa hasemi kitu.

Majuma mawili baadaye msichana alinipigia simu kutoka shuleni. Tuliongea kuhusu nauli na viatu. Karibu akate, akanyamaza kidogo.

"Shangazi," akasema, "mwalimu aliniuliza habari za nyanya."

"Ukamjibu nini?"

"Nililia. Halafu nikamweleza."

Sijui mwalimu yule alimtoa wapi muda huo. Huenda ni katika zile saa 23 za kusahihisha insha. Lakini alimwuliza.